Hirizi au urembo? Jinsi ya kusoma dhahabu ya Wagermani wa kale

Swali: Msomaji mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi Hamburg, anaandika: "Nilipotembelea Makumbusho ya Taifa mjini Copenhagen nilisimama muda mrefu mbele ya visahani vidogo vya dhahabu vyenye kichwa cha mtu juu ya mnyama mwenye pembe. Maelezo yalisema ni hirizi za Wagermani wa kale. Wanajuaje kwamba ni hirizi na si urembo tu? Na alama zile zina maana gani? Nauliza pia kwa sababu nimekusudia kununua kidani chenye alama ya dira iitwayo Vegvísir, ambayo muuzaji anasema Waviking waliivaa ili wasipotee baharini."

Jibu:

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo sisi tunaosoma vitu hivi tulipaswa kujiuliza mapema zaidi. Kwa muda mrefu kila kitu chenye sura ya ajabu kilichotoka katika kaburi la kipagani kiliitwa hirizi, na kila mnyama aliyechorwa juu yake akatafutiwa mungu wake. Mimi nafuata njia nyingine: picha naiweka mwisho. Kwanza natazama kitanzi, yaani kile kijibomba cha dhahabu kilichounganishwa ukingoni mwa kisahani ili uzi upite. Kisha nauliza kitu hicho kilivaliwa na nani na mahali gani mwilini, kilizikwa wapi, na kama kina maandishi, yanasema nini. Hayo yakishajibiwa, angalau kwa sehemu, ndipo tunapata haki ya kuuliza yule mnyama ni nani.

Nieleze majina kabla ya kuendelea. Ninaposema Wagermani sina maana ya Wajerumani wa leo. Hilo ni jina la jumla la watu waliozungumza lugha za ukoo mmoja, kuanzia Norway na Sweden hadi mto Danube, wakiwemo Wasaksoni na Waangli waliohamia Uingereza, Wafranki walioiachia Ufaransa jina lao, Waalamani wa kusini mwa Ujerumani, na baadaye sana Waviking. Visahani ulivyoviona ni vya karne ya 5 na ya 6, wakati dola ya Roma ya magharibi ilipokuwa ikisambaratika. Waviking walikuja miaka kama 300 baadaye. Pengo hilo ulishike akilini, kwa sababu makosa mengi hutokana na kulisahau. Hadithi za miungu Odin, Thor na Balder ambazo watu wanazifahamu leo ziliandikwa Iceland katika karne ya 13, na walioziandika walikuwa Wakristo. Anayezitumia kueleza dhahabu ya mwaka 500 anaruka miaka 700 hivi, na anawajibika kusema hivyo waziwazi.

Visahani hivyo huitwa brakteati. Zaidi ya 1,000 vimekwisha kupatikana, vingi nchini Denmark, Norway na kusini mwa Sweden, na vichache kaskazini mwa Ujerumani na Uingereza. Ni bati jembamba la dhahabu lililogongwa juu ya chapa hadi picha ikatokeza upande mmoja tu. Asili yake ni medali ambazo makaizari wa Roma waliwatunukia wakuu wa makabila ya mpakani katika karne ya 4. Medali ilikuwa na sura ya kaizari, na wakuu wale waliitia kitanzi wakaivaa shingoni. Masonara wa kaskazini wakaanza kuiga, na katika kuiga wakageuza kila kitu kiwe chao. Taji la kaizari likawa nywele nzito zilizosukwa, na mara nyingine nywele hizo huishia kwa kichwa cha ndege. Farasi aliyekuwa wa kawaida akaota pembe na ndevu. Herufi za Kilatini zilizozunguka sura ya mtawala zikawa mikwaruzo isiyosomeka, kisha nafasi yake ikachukuliwa na runi, herufi za Wagermani wenyewe. Wataalamu huvigawa visahani hivi kwa herufi: A ni kichwa cha mtu peke yake, B ni mtu mzima, C ni kichwa juu ya mnyama, na D ni mnyama aliyejikunja. Ulivyovisimamia wewe ni vya aina ya C, ambavyo ndivyo maarufu kuliko vyote.

Kitanzi peke yake hakitoshi. Katika baadhi ya brakteati kitanzi kimelika kwa kusuguliwa na uzi, ishara kwamba kisahani kilivaliwa muda mrefu. Lakini hata mkufu wa harusi huchakaa ukivaliwa kila siku. Kwa hiyo twende kwenye maandishi, maana hapo kitu chenyewe kinafungua kinywa.

Kuna brakteati moja ya aina ya C iliyotoka kisiwa cha Sjælland nchini Denmark, ambayo kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kukuonyesha ningechagua hiyo. Kuzunguka kichwa cha mtu na mnyama wake pana runi zinazosomeka: hariuha haitika farauisa gibu auja. Tafsiri yake ni kama hivi: "Naitwa Hariuha, mjuzi wa hatari, natoa heri." Neno auja lina maana ya heri, bahati njema, kinga. Mwishoni fundi ameweka runi ya t iliyorundikwa mara tatu juu ya mti mmoja, kama matawi ya mnazi yaliyopangana, na runi hiyo ndiyo iliyobeba jina la mungu Tiwaz, ambaye baadaye aliitwa Tyr. Wataalamu wanabishana kama Hariuha ni jina la mwandishi wa runi au ni jina la siri la mungu, na wengine wanalitafsiri neno farauisa kuwa mjuzi wa safari. Ubishi huo hauligusi jambo ulilouliza. Kisahani kinasema kwa kinywa chake kwamba kinatoa heri. Urembo hausemi hivyo.

Maandishi mengine ni ya neno moja moja. Neno alu limerudiwa katika brakteati nyingi, na wengi wanalihusisha na pombe ya nafaka iliyonywewa katika ibada, ingawa si wote wanaokubali. Neno laukaz ni mmea wa liki, ndugu wa kitunguu, ambao kaskazini ulihesabiwa kuwa na nguvu za uzima. Neno laþu linatafsiriwa kuwa mwito au mwaliko. Katika brakteati ya Vadstena, iliyopatikana Sweden mwaka 1774 na kuibwa makumbusho mwaka 1938 bila kuonekana tena, fundi aliandika alfabeti nzima ya runi kwa mpangilio wake, kana kwamba herufi zote zikikaa pamoja zinakuwa ukuta. Na katika kipande cha mfupa kiitwacho hirizi ya Lindholm, kilichotolewa ardhini katika mkoa wa Skåne, kusini mwa Sweden, mwaka 1840 na wachimbaji wa mboji ya kinamasi, upande mmoja mwandishi anajitaja kuwa erilaz, yaani bwana wa runi, na upande wa pili runi ya a imechorwa mara nane mfululizo, zikafuata nyingine zilizorudiwa mara tatu tatu, kisha neno alu. Jembe la mchimbaji lilikikata mfupa ule vipande viwili na kuiharibu runi moja, nasi tumebaki na pengo hilo mpaka leo. Huwezi kuusoma mstari ule kwa sauti ukapata sentensi. Ulichorwa ili uwepo na ufanye kazi, awepo msomaji au asiwepo.

Wewe umetoka Tanga, kwa hiyo wazo hilo si geni kwako. Hirizi ya pwani nayo hushonewa ndani ya ngozi na aliyeivaa haifungui kuisoma. Tofauti ni kwamba maandishi ya brakteati yako wazi, yanang'aa kifuani, na mara nyingi yamesomeka kinyumenyume kwa sababu fundi aliyachora sawasawa kwenye chapa bila kujali kwamba yatageuka yakigongwa. Walikuwa wachache mno waliojua kusoma. Lakini waliojua waliheshimika: brakteati ya Tjurkö, iliyopatikana kusini mwa Sweden mwaka 1817, inasema kwamba Heldaz aliziandika runi hizo kwa ajili ya Kunimunduz juu ya "punje ya kigeni", yaani dhahabu iliyotoka kwa Warumi. Hapo tunamwona fundi kwa jina lake na mteja kwa jina lake, kazi ikiwa imeagizwa.

Sasa tuiache dhahabu, maana ilikuwa ya wachache. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, umo katika makaburi ya wanawake wa karne ya 6 na ya 7 kusini mwa Ujerumani, kaskazini mwa Ufaransa na Uingereza. Mwanamke alizikwa na nguo zake, na kutoka mkanda wake uliteremka ukanda wa ngozi au wa kitambaa hadi karibu na goti. Ngozi na kitambaa vimeoza. Vilivyobaki ni vitu vilivyoning'inizwa, vimelala udongoni kwa safu kando ya mfupa wa paja. Hapo utakuta jino la dubu au la nguruwe mwitu lililotobolewa, kidude cha mviringo kilichokatwa kwenye shina la pembe ya paa dume, sarafu ya Kirumi iliyokwisha thamani ikatiwa tundu, tufe la bilauri lililofungwa kwa vitepe vya fedha, ushanga mmoja mkubwa wa kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Utakuta pia rungu dogo la mfupa, refu kama kidole, lenye alama za duara na nukta pande zote. Rungu hilo lina historia ndefu: Warumi wa karne ya 2 na ya 3 walivaa virungu vya dhahabu vya Herakule, shujaa aliyeua majoka na majini, na majirani zao wa Kigermani wakaupokea mtindo huo. Mwaka 1964 mwanaakiolojia Joachim Werner alitoa hoja kwamba kwa Wagermani rungu hilo lilikuwa la Donar, mungu wa radi ambaye watu wa kaskazini walimwita Thor.

Na utakuta kauri. Kauri hizo kubwa zenye madoa haziishi katika bahari za Ulaya. Zilitoka Bahari ya Shamu, zikapita mikono mingi hadi kiunoni mwa mwanamke wa Kialamani aliyezikwa mbali na bahari yoyote. Vivyo hivyo katika makaburi ya Uingereza zimepatikana pete kubwa za pembe za ndovu zilizotumika kama mdomo wa mfuko uliofungwa nyongani, mfuko ambao ndani yake mwanamke aliweka vitu vidogo kama hivi. Uchunguzi wa pete za aina hiyo kutoka makaburi ya Scremby, mkoani Lincolnshire, umeonyesha kwamba ni pembe za ndovu wa Afrika, na viashiria vya kemikali vinaelekeza Bonde la Ufa. Nimelitaja hili kwa sababu wengi huidhani sanaa hii kuwa ya watu waliojifungia msituni, na haikuwa hivyo.

Wanajuaje kwamba vitu hivi havikuwa urembo? Sababu ya kwanza ni kwamba vingi havipendezi. Kipande cha pembe kisichonakshiwa, kigololo cha kioo kilichovunjika, jino lililopasuka: hakuna anayejipamba kwa hivyo. Sababu ya pili ni umri na jinsia ya wenye navyo. Vinapatikana zaidi kwa wanawake na watoto, yaani watu waliokabiliwa na hatari za uzazi na za utotoni, wakati wanaume walikuwa navyo mara chache, isipokuwa ushanga mmoja mkubwa uliofungwa kwenye ala ya upanga. Sababu ya tatu ni maneno ya maadui wa desturi hiyo, na shahidi adui huwa na uzito wake. Katika maisha ya Mtakatifu Eligius, askofu wa Noyon aliyefariki mwaka 660, yamehifadhiwa mahubiri yanayokataza mwanamke kuning'iniza kaharabu shingoni, na kukataza hirizi zisifungwe shingoni mwa mtu wala mnyama, hata kama zimetengenezwa na makasisi na hata kama inadaiwa zina maneno matakatifu. Mwaka 742 Bonifasi, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Ujerumani, alimlalamikia Papa Zakaria kwamba mjini Roma kwenyewe wanawake walionekana wamefunga hirizi mikononi na miguuni kwa desturi ya kipagani, na kwamba ziliuzwa hadharani. Mwaka huo huo baraza la maaskofu wa Kifranki lilizipiga marufuku. Tazama jinsi maneno hayo yanavyolingana na makaburi: kaharabu shingoni ndiyo hiyo hiyo wachimbaji wanayoiokota. Hatuwezi kutamani ushahidi ulio bora kuliko huo: Kanisa lilikataza, na watu wakaendelea.

Mahali pa kuzikia napo panasema. Brakteati chache zimetoka makaburini. Nyingi zimetoka katika hazina zilizofukiwa ardhini. Kiswahili kina neno linalotusaidia hapa kuliko lugha nyingine nyingi, kwa kuwa tunatofautisha hirizi inayovaliwa na fingo linalozikwa ili lilinde mahali. Huko Gudme, kisiwani Fyn nchini Denmark, hazina zenye brakteati zimefukuliwa ndani ya maeneo ya nyumba. Huko Uppåkra, kusini mwa Sweden, palikuwa na jengo la ibada lililojengwa upya juu ya msingi ule ule kwa karne kadhaa, na katika mashimo ya nguzo zake na kwenye mfereji wa ukuta vimepatikana zaidi ya vipande 100 vya dhahabu vyembamba kama karatasi, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kila kimoja kikiwa na mtu mmoja au mume na mke waliosimama wakitazamana. Wadenmark huviita guldgubber, yaani vizee vya dhahabu. Sehemu iitwayo Sorte Muld, katika kisiwa cha Bornholm, imetoa zaidi ya 2,300. Kwa kawaida havina vitanzi. Havikutengenezwa ili vivaliwe, na ukiuliza swali la kitanzi utalijua hilo kabla hujajua wale mume na mke ni akina nani. Alama ni za ulimwengu ule ule wa miungu, lakini kazi ni tofauti: kimoja kilishika mwili, kingine kilishika nguzo ya nyumba.

Hazina nyingine huenda zilikuwa sadaka ya watu walioshikwa na hofu. Mwaka 536 vumbi la volkano lilifunika jua la nusu ya kaskazini ya dunia, mavuno yakaharibika, na mtaalamu wa Denmark Morten Axboe amependekeza kwamba brakteati nyingi zilizikwa wakati huo kumsihi mungu alirudishe jua. Hazina ya Vindelev, karibu na Jelling nchini Denmark, iliyogunduliwa mwishoni mwa mwaka 2020 ikiwa na vitu 22 na uzito wa karibu gramu 800, inaelekea kuwa ya wakati huo. Katika brakteati moja ya hazina hiyo wataalamu wa runi Lisbeth Imer na Krister Vasshus walisoma, wakatangaza mwaka 2023, maneno yenye maana ya "yeye ni mtu wa Odin". Hilo ndilo andiko la zamani kuliko yote linalomtaja Odin kwa jina, na brakteati yenyewe ni ya karne ya 5.

Tumefika kwenye picha. Nianze na mnyama ambaye ushahidi wake ni mwingi na wa aina mbalimbali: nguruwe mwitu. Mwaka 98 mwandishi wa Kirumi Tacitus aliandika kuhusu watu wa pwani ya Baltiki aliowaita Aestii, wenye desturi zinazofanana na za Wasuebi wa Kigermani ingawa lugha yao ilikuwa nyingine. Alisema walimwabudu mama wa miungu na walivaa sanamu za nguruwe mwitu, na kwamba sanamu hiyo, badala ya silaha na kinga nyingine yoyote, ilimfanya mwabudu awe salama hata katikati ya maadui. Karne nyingi baadaye utenzi wa Kiingereza cha kale uitwao Beowulf unaeleza nguruwe waliong'aa juu ya helmeti wakilinda uhai wa wapiganaji. Na ardhi imetoa helmeti zenyewe. Ile ya Benty Grange, iliyofukuliwa mkoani Derbyshire mwaka 1848, ina nguruwe mdogo kileleni, na juu ya kinga ya pua kuna msalaba wa fedha. Aliyeivaa hakuacha nafasi ya kupigwa: mbele msalaba, juu nguruwe. Helmeti ya Sutton Hoo, iliyopatikana mashariki mwa Uingereza mwaka 1939, ina nyusi zinazoishia kwa vichwa vya nguruwe pembeni mwa macho.

Kwa nini mnyama mkali awe mlinzi? Jibu liko katika majina ya watu wenyewe. Eberhard ni "nguvu ya nguruwe mwitu", Bernhard "ushujaa wa dubu", Arnold "tai mtawala", na majina yenye mbwa-mwitu ndani yake hayahesabiki. Mtoto alipewa jina la mnyama ili apate ukali wake, na bizimu la mkanda au pini ya nguo vilichorwa mnyama yule yule kwa shabaha hiyo hiyo. Tai, mbwa-mwitu na kunguru waliofuata vita kula maiti walichorwa na wale waliotaka kuwa upande wa anayekula.

Ukitazama kwa karibu pini ya nguo ya karne ya 6 utaona kwanza vurugu. Mtaalamu wa Sweden Bernhard Salin, katika kazi yake ya mwaka 1904, ndiye aliyetufundisha kuisoma: tafuta jicho kwanza. Ukilipata jicho, fuata mstari wake hadi kwenye taya, kisha tafuta paja lenye umbo la pea, kisha unyayo wenye vidole vitatu. Ghafla vurugu inakuwa mnyama, na pembeni yake mwingine, na mwingine. Igeuze pini, kichwa cha mnyama kinakuwa uso wa mtu. Mtindo wa baadaye unawageuza wanyama kuwa riboni ndefu zinazopitana na kuumana. Mimi naamini mkanganyiko huo ulikusudiwa, kwa sababu mafundi wale waliweza kuchora mnyama wazi walipotaka. Kitu chenye macho mengi yasiyohesabika kwa mtazamo mmoja kinamkodolea anayekuja na nia mbaya, na kinamchelewesha. Hiyo ni rai yangu, wala hakuna runi inayoithibitisha.

Jicho moja lina habari zake. Katika nyusi za helmeti ya Sutton Hoo vito vyekundu vya garneti vimepangwa kwenye nyusi zote mbili, lakini nyuma ya vito vya upande wa kulia fundi aliweka karatasi ya dhahabu ili virudishe mwanga, na upande wa kushoto karibu vyote havina. Mbele ya moto wa ukumbini jicho moja liliwaka na la pili likabaki giza. Katika chapa ya shaba nyeusi iliyopatikana Torslunda, kisiwani Öland nchini Sweden, mwaka 1870, mchezaji mwenye helmeti ya pembe zinazoishia kwa vichwa vya ndege amefutwa jicho moja kwa makusudi. Hapa nakubali kumtaja Odin, mungu wa chongo, kwa sababu vitu vyenyewe vinamleta, tena kutoka nchi mbili tofauti.

Je, yule mtu juu ya mnyama mwenye pembe katika brakteati yako? Karl Hauck, aliyetumia miongo kadhaa ya maisha yake kuzichunguza brakteati, alisema ni Odin akimponya farasi wa Balder. Alitegemea mganguo wa Merseburg, yaani maneno ya uganga ya Kijerumani cha kale, ulioandikwa katika karne ya 10 na kugunduliwa mwaka 1841, ambamo Wodan, ndiye Odin, anamganga mwana-farasi aliyeteguka mguu kwa maneno "mfupa kwa mfupa, damu kwa damu, kiungo kwa kiungo". Ni kweli kwamba katika visahani vingi mguu wa mnyama umekunjwa isivyo kawaida, na mdomo wa mtu uko karibu na sikio lake kama anayenong'ona au kupuliza. Tafsiri hiyo inapendeza na huenda ni sahihi kwa baadhi ya visahani. Lakini mnyama ana pembe na mara nyingi ndevu, jambo ambalo farasi hana, na kati ya brakteati na mganguo ule zimepita karne zaidi ya nne. Nikisimama mbele ya kabati lile la vioo nasema: mtu mwenye uwezo, mnyama mwenye nguvu, pumzi kati yao, na heri kwa aliyevaa. Zaidi ya hapo natembea polepole.

Alama ya swastika utaiona pia, kwenye brakteati na kwenye vyungu vya majivu ya wafu vya Waangli na Wasaksoni, kwa mfano katika makaburi ya Spong Hill mkoani Norfolk, ambako vyungu zaidi ya 2,000 vimefukuliwa na vingine vimepigwa mhuri wa runi ya t. Kwa watu wale ilikuwa alama njema. Kwa kuwa unaishi Ujerumani, ninakuomba usiivae wala usiibandike mahali popote. Wanazi waliichafua, na sheria ya huko inaiadhibu.

Nimalizie na kidani chako. Vegvísir si ya Waviking. Inatoka katika kitabu cha uganga cha Iceland kiitwacho Huld, kilichokusanywa na Geir Vigfússon mwaka 1860, miaka kama 800 baada ya Waviking kwisha, na hakuna kaburi, jiwe wala dhahabu ya kale iliyowahi kuwa nayo. Kama unaipenda kwa uzuri wake, inunue. Kama unataka kitu ambacho Mviking alikivaa, tafuta nakala ya nyundo ya Thor. Nyundo za kuvaa zimepatikana kwa mamia, nyingi za karne ya 9 hadi ya 11, na makumbusho uliyoyatembelea yana kalibu ya jiwe la sabuni kutoka Trendgården, Jylland, ambayo sonara mmoja wa karne ya 10 aliitumia kusubu misalaba na nyundo ubavu kwa ubavu, kila mteja apate yake. Mtafute aliyeiga ile ya Købelev, iliyookotwa kisiwani Lolland mwaka 2014. Ni ndogo, ya shaba nyeusi, na juu ya kichwa chake fundi amekwaruza runi ndogo sana zinazosema "hii ni nyundo". Herufi moja aliiruka.